Bandari ya Mtwara, meli na mazingira yetu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa watu wanaoishi na bandari kila siku: wavuvi, wakulima wa korosho, madereva wa malori ya makaa, mama wanaoanika nguo jirani na njia ya malori, na vijana wanaotafuta vibarua gatini. Mengine huulizwa pia Lindi na Kilwa, kwa hiyo majibu yamegusa huko. Ukikuta jibu linakupeleka kwenye swali jingine, lifuate, maana jambo moja halikuelezwa mara mbili.

## Mambo ya msingi

Meli inachafua nini hasa? Mbona inaonekana imekaa tu gatini?

Meli ikiwa gatini haijalala. Injini kubwa imezimwa, lakini jenereta zake zinaendelea kuunguruma usiku na mchana ili kuendesha taa, pampu, majokofu, jiko la mabaharia na mara nyingine winchi za kupakulia. Moshi wa jenereta hizo ndio unaoingia mjini. Baharini, meli hutoa moshi mwingi zaidi, ila huko watu wa kuuvuta ni wachache.

Mbali na moshi, kuna maji ya ngama, yanayojikusanya chini kabisa ya meli yakiwa na mafuta, maji ya vyoo, taka za jikoni na plastiki, maji ya balasti yaliyobebwa kutoka bahari nyingine, rangi ya sumu chini ya meli na kelele za rafadha chini ya maji. Halafu kuna uchafu ambao si wa meli yenyewe bali wa shehena: vumbi la makaa ya mawe, la saruji, la klinka (malighafi ya saruji). Kwa Mtwara, mimi naamini hili la mwisho ndilo linalowaumiza watu wengi zaidi kwa sasa, na ndiyo maana limepewa nafasi kubwa huko chini.

Kama meli zinachafua hivyo, si afadhali mizigo ipite barabarani?

Hapana. Kwa tani ileile na umbali uleule, lori kubwa hutoa hewa ya ukaa mara kumi na zaidi ya meli kubwa ya shehena ya kichele, yaani mzigo unaomwagwa melini bila kufungwa. Meli moja yenye tani elfu hamsini za makaa ingehitaji malori zaidi ya elfu moja mia tano yenye kubeba tani thelathini kila moja. Usafiri wa bahari wa dunia nzima, ukijumlisha na boti za uvuvi, ulitoa karibu asilimia 2.9 ya gesi joto zote zilizosababishwa na binadamu mwaka 2018, ilhali ndio unaobeba sehemu kubwa kabisa ya biashara ya dunia.

Kwa hiyo anayeipenda Mtwara hana sababu ya kuichukia bandari. Bahari ndiyo njia safi zaidi tuliyo nayo ya kusafirisha mzigo mzito. Uchafu unazidi pale meli inapokutana na nchi kavu, na hapo ndipo sisi wenyewe tuna uwezo wa kufanya kitu.

Korosho kusafirishwa kupitia Mtwara badala ya Dar es Salaam kunasaidia mazingira?

Kunasaidia, na si kidogo. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550 za lami. Korosho ghafi zinazokwenda India au Vietnam hazina sababu ya kupanda lori hadi kule ndipo zikapande meli, wakati ghuba yenye kina kirefu cha asili iko hapa. Kila gunia linaloingia melini Mtwara limeokoa safari hiyo, na barabara ya Lindi–Kibiti, ambayo mvua huisumbua vya kutosha, imepumzika.

Kuna sharti moja. Mtwara inatoa mizigo mingi kuliko inayopokea, kwa hiyo makontena matupu lazima yaletwe. Yakiletwa kwa meli inayokuja kupakia, faida inabaki. Yakiletwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, faida kubwa imeliwa njiani. Wanaopanga msimu wa korosho, unaoanza Oktoba, wanatakiwa kuhesabu makontena mapema kama wanavyohesabu magunia.

Nani anahusika na nini? Tunazungushwa kila tukilalamika.

Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania, TPA, ndiye mwenye gati, yadi na vifaa. Vumbi, taka na maji machafu yanayotoka ndani ya uzio wa bandari ni suala la kuanzia kwake.

Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, ndilo linalosimamia usalama wa meli na uchafuzi unaotoka melini. Wakaguzi wake ndio wenye haki ya kupanda meli ya kigeni na kuikagua. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, linasimamia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004: vyeti vya tathmini ya athari kwa mazingira, viwango vya hewa na maji, faini. Hifadhi za bahari ziko chini ya Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, na barabarani kuna halmashauri na polisi.

Malalamiko yakiandikwa kwa mmoja, peleka nakala kwa wengine wawili. Barua yenye nakala haizungushwi kirahisi.

## Moshi na mafuta

Kwa nini meli hutoa moshi mweusi zaidi inapoondoka?

Injini kubwa inapowashwa bado ni baridi na inazunguka polepole, mafuta hayaungui yote, na masizi hupanda bombani. Wingu la dakika chache ni jambo la kawaida. Moshi mweusi wa saa nzima kutoka kwenye jenereta wakati meli imefungwa gatini ni dalili ya mashine isiyotunzwa au mafuta mabaya, na hilo linafaa kuripotiwa TASAC pamoja na jina la meli, saa na picha.

Salfa inayosemwa kwenye mafuta ya meli ndiyo hii tunayopuliza kwenye mikorosho?

Ndiyo, ni elementi ileile. Tena kuna jambo la kuvutia hapa: sehemu kubwa ya salfa inayouzwa duniani leo hutolewa kwenye mafuta na gesi wakati wa kuyasafisha. Mkulima wa Tandahimba au Newala anayekinga mikorosho yake dhidi ya ubwiri unga huenda anatumia salfa iliyoondolewa kwenye mafuta ili isiende kuungua angani.

Tofauti iko kwenye kuungua. Salfa ya unga ikiwa juu ya jani inabaki salfa. Ikiungua ndani ya injini inakuwa gesi kali inayokera mapafu, inayowasumbua wenye pumu, na inayogeuka kuwa mvua ya asidi. Ndiyo maana Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, IMO, liliamua kuwa kuanzia tarehe 1 Januari 2020 mafuta ya meli yasizidi asilimia 0.50 ya salfa, kutoka asilimia 3.5 iliyokuwa ikiruhusiwa kabla. Hiyo ni moja ya hatua kubwa kabisa za kusafisha hewa ya miji ya bandari, na haikuhitaji Mtwara itoe hata shilingi.

Zipo bahari zenye sharti kali zaidi, asilimia 0.10 tu: Baltiki, Bahari ya Kaskazini, pwani za Amerika ya Kaskazini, na tangu Mei 2025 Bahari ya Mediterania. Magharibi mwa Bahari ya Hindi hakuna eneo kama hilo. Likianzishwa litahitaji nchi za pwani yetu ziombe kwa pamoja, kwa sababu meli haijui mpaka wa Ruvuma.

Nimesikia kuna meli zinaosha moshi wake. Je, hilo si suluhisho?

Ni suluhisho la hewa, tatizo la maji. Meli yenye mtambo wa kuosha moshi, ambao mabaharia huuita skraba, inaruhusiwa kuendelea kutumia mafuta mazito ya bei nafuu. Mitambo mingi ni ya mkondo wazi: inavuta maji ya bahari, inaosha moshi, kisha inayarudisha baharini yakiwa na asidi, masizi na metali. Nchi na bandari kadhaa zimeyapiga marufuku maji hayo ndani ya bandari zao. Ghuba ya Mtwara ina mlango mwembamba na matumbawe kando yake. Naona marufuku kama hiyo hapa ingekuwa jambo la busara, na utekelezaji wake ni rahisi, kwani meli hubadilisha tu mafuta kabla ya kuingia.

Kwa nini meli zisichomekwe umeme wa TANESCO zikazima jenereta?

Wazo ni zuri na linatumika katika bandari za California, Ulaya na China. Umoja wa Ulaya umezitaka bandari zake kubwa ziwe na umeme wa kuunganisha meli za makontena na za abiria ifikapo 2030.

Vikwazo ni vitatu. Kwanza, meli nyingi kubwa hutumia umeme wa hezi 60, wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo panahitajika mtambo wa kubadilisha, na ni ghali. Pili, meli ya kichele inaweza kuhitaji kilowati mia kadhaa na ya makontena ikapita megawati moja. Katika mikoa ambayo watu wanajua kukatika kwa umeme ni nini, hakuna atakayekubali mji uzimike ili meli iwake. Tatu, meli nyingi za kichele zinazokuja kupakia makaa hazina hata soketi ya kupokea umeme wa nchi kavu.

Hata hivyo kuna pa kuanzia: tagi (boti za kuvuta meli), boti za marubani, winchi za gatini na taa za yadi. Hivi vyote ni vya bandari yenyewe, viko hapa mwaka mzima, na vinaweza kuhamia kwenye umeme kimoja kimoja. Umeme wa Mtwara umezalishwa kwa miaka mingi kwa gesi ya Ghuba ya Mnazi. Si safi kabisa, lakini hautoi masizi na salfa ya dizeli jirani na watu.

Tuna gesi Mnazi Bay na Songosongo. Kwa nini meli zisitumie gesi yetu?

Gesi ya kutumika melini lazima ipozwe hadi iwe kimiminika, kwenye baridi ya takriban nyuzi 162 chini ya sifuri. Mtambo wa namna hiyo haupo nchini. Ule uliopangwa kujengwa Likong'o, Lindi, ni wa gesi ya kina kirefu cha bahari na lengo lake ni kuuza nje.

Meli inayotumia gesi haitoi salfa wala masizi ya kutajika, na hewa ya ukaa hupungua. Shida ni methani inayovuja bila kuungua katika baadhi ya injini. Methani hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ya ukaa ikipimwa kwa miaka 20, kwa hiyo mvujo mdogo unaweza kufuta faida yote. Kwa afya ya mtu wa Shangani gesi ni bora kuliko mafuta mazito. Kwa tabianchi, inategemea injini.

Kupunguza mwendo kunasaidia kiasi gani?

Kuliko wengi wanavyodhani. Nguvu inayohitajika kusukuma meli hupanda haraka sana kadiri mwendo unavyoongezeka. Ukipunguza mwendo kwa asilimia 10, mafuta ya safari ileile hupungua kwa karibu moja ya tano, hata ukihesabu kuwa safari imerefuka.

Kinachosikitisha ni meli kukimbia kutoka mbali ili iwahi foleni, kisha ikatia nanga nje kwa siku kadhaa ikichoma mafuta ya jenereta. Bandari ikiweza kumwambia nahodha mapema gati litakuwa wazi lini, naye akaja kwa mwendo wa kufika siku hiyo, mafuta yanaokolewa bila kununua mashine yoyote. Kinachotakiwa ni ratiba inayoaminika na mawasiliano kati ya bandari, wakala na meli. Msimu wa korosho unapogongana na meli za makaa, hapo ndipo ratiba ina thamani kubwa. Gati jipya la mita 300 limepunguza msongamano, ila gati bila ratiba bado litakuwa na foleni.

## Makaa ya mawe na vumbi

Makaa haya yanatoka wapi na kwa nini yameongezeka ghafla?

Yanachimbwa mkoani Ruvuma, hasa Ngaka wilayani Mbinga, na husafiri zaidi ya kilomita 600 kwa lori kupitia Songea, Tunduru na Masasi. Baada ya vita vya Ukraine kuanza Februari 2022, bei ya makaa duniani ilipaa na wanunuzi wakatafuta vyanzo vipya. Bandari iliyozoea korosho ikajikuta na milima myeusi.

Vumbi la makaa lina madhara gani? Wengine wanasema ni uchafu tu wa kufuta.

Si wa kufuta tu. Chembe kubwa hutua juu ya mabati, nguo na maji ya kisima, na hizo ndizo tunazoziona. Chembe ndogo zisizoonekana huingia ndani kabisa ya mapafu. Wanaoumia kwanza ni vibarua wanaofanya kazi juu ya lundo, watoto, wazee na wenye pumu. Kitambaa kilichofungwa mdomoni hakizuii chembe hizo. Inahitajika barakoa maalumu inayobana uso, na mwajiri ndiye anayetakiwa kuinunua.

Baharini nako kuna madhara. Mvua inapopiga lundo, maji meusi huteremka ghubani. Majaribio ya maabara yaliyofanywa Australia yalionyesha kuwa chembe za makaa zikielea ndani ya maji kwa muda, matumbawe hufa na nyasi bahari na samaki wadogo hudumaa. Mwani nao unahitaji mwanga, na maji yenye masizi hayana mwanga wa kutosha.

Nini kinaweza kufanywa bila kufunga biashara?

Mengi, na hakuna hata moja la kisayansi sana.

Lori lifunikwe turubai kuanzia mgodini hadi bandarini, na magurudumu yaoshwe kabla ya kutoka yadi. Lundo linyunyiziwe maji ya ukungu, kwa sababu maji ya kumwaga kwa bomba hutiririka na kuchimba mifereji, wakati ukungu hulowesha uso wote. Lundo liwe fupi na lipangwe kwa kufuata upepo: kipindi cha kusi kinapovuma kwa nguvu, kazi ya kupakia isimame kasi ya upepo ikipita kiwango kilichoandikwa, na kiwango hicho kibandikwe mahali watu wanakiona. Kuwe na uzio wa wavu mrefu wa kuvunja upepo. Chini kuwe na sakafu ya zege yenye mtaro unaopeleka maji kwenye bwawa la kutuamisha kabla hayajafika baharini. Na kijiko cha winchi kifunguliwe kikiwa ndani ya tumbo la meli. Kikimwaga kutoka juu, nusu ya kazi ya vumbi imeshafanyika.

Hatua bora kuliko zote ni mkanda uliofunikwa kutoka ghala lililofunikwa hadi melini. Ni ghali, ila ni uwekezaji wa mara moja, na mwenye mzigo naye anaokoa makaa ambayo sasa yanapeperuka. Haya yanafaa pia kwa klinka na saruji. Kwa salfa ya korosho lipo la ziada: salfa ya unga hushika moto kirahisi, kwa hiyo cheche na sigara zikae mbali.

Kipimo cha hewa ndicho kinachokosekana katika mabishano mengi. Mkazi anasema vumbi limezidi, bandari inasema limepungua, na hakuna namba mezani. Kipima vumbi kinachosomeka saa zote, kimoja ndani ya uzio na kingine kwenye makazi, kingemaliza ubishi huo.

Makaa yakihamia Kisiwa-Mgao, tatizo litakuwa limekwisha?

Kwa mji, litapungua. Serikali iliamua kujenga bandari ya Kisiwa-Mgao nje ya mji kwa ajili ya shehena chafu kama makaa na saruji, na kwa upande wa afya ya wakazi wa manispaa huo ni uamuzi mzuri.

Lakini Kisiwa nako kuna watu, mikoko na wavuvi. Vumbi likihamishwa kama lilivyo, limebadilisha tu anwani. Wakati wa kudai mkanda uliofunikwa, bwawa la kutuamisha na uzio wa upepo ni wakati wa kujenga. Kuvifunga baadaye gharama huongezeka, na kila mwaka kutakuwa na sababu ya kuahirisha. Namna ya kushiriki imeelezwa kwenye swali la tathmini ya mazingira, mwishoni.

## Maji, taka na viumbe

Maji ya balasti ni nini, na kwa nini yanatuhusu sisi kuliko bandari nyingine?

Meli tupu hupepesuka, kwa hiyo hujaza matangi yake maji ya bahari ili itulie. Ikifika bandari ya kupakia, huyamwaga ili ipokee mzigo. Sasa fikiria: Mtwara ni bandari ya kupakia. Meli ya makaa inakuja tupu, ikiwa na maelfu ya tani za maji ya bandari ya mbali, na inayaacha hapa. Bandari inayopokea mizigo mingi haina shida hii kwa kiwango chetu.

Ndani ya maji hayo kuna mayai ya samaki, kaa wachanga, mwani wa sumu na vijidudu. Mapema miaka ya 1990 vimelea vya kipindupindu vilikutwa kwenye balasti za meli zilizofika Alabama, Marekani, kutoka Amerika ya Kusini. Katika Bahari Nyeusi, kiumbe laini anayefanana na viwavi vya baharini, kutoka Amerika, aliletwa na balasti miaka ya 1980, akala mayai na chakula cha samaki hadi uvuvi wa dagaa wa kule ukaporomoka.

Mkataba wa kimataifa wa balasti wa 2004 ulianza kutumika Septemba 2017, na tangu Septemba 2024 meli zinazohusika zinatakiwa ziwe na mtambo wa kusafisha maji hayo, kwa mwanga wa urujuanimno au klorini. Kubadilisha maji katikati ya bahari, maili 200 kutoka nchi kavu, kulikuwa hatua ya mpito. Mkaguzi huanza kwa daftari la balasti, kisha huweza kuchukua sampuli. Mvuvi anayeona kiumbe asichowahi kukiona ghubani asimtupe. Apige picha, amhifadhi, na ampeleke kwa ofisa uvuvi au TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania.

Taka za melini huishia wapi?

Kwa MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi wa meli ambao Tanzania imejiunga nao, plastiki haitupwi baharini popote pale duniani. Mabaki ya chakula yaliyosagwa yanaweza kutupwa kuanzia maili 3 kutoka pwani, yasiyosagwa kuanzia maili 12. Maji ya ngama ya meli kubwa hupitia chujio, na yanayotoka yasizidi sehemu 15 za mafuta katika sehemu milioni moja.

Mkataba unaitaka bandari nayo ipokee taka hizo bila kuichelewesha meli. Hapa ndipo palipo na siri ya jambo zima: nahodha akitozwa pesa nyingi au akiambiwa asubiri siku mbili, kishawishi cha kumwaga usiku kinakua. Bandari nyingi za Ulaya huweka ada ya taka ndani ya tozo ya kuingia, utoe taka au usitoe, na hivyo hakuna anayefaidika kwa kutupa baharini. Mfumo huo ungefaa hapa. Taka zikishapokewa, ni lazima ziishie mahali panapojulikana, maana kuzishusha melini ili zikatupwe bondeni ni kuhamisha uchafu tu.

Rangi ya chini ya meli ina sumu?

Ilikuwa kali sana. Mababu walipaka majahazi deheni ili minyoo na magamba yasishike. Meli za chuma zilipaka rangi ya bati, TBT, iliyoharibu uzazi wa konokono na chaza duniani kote. Imepigwa marufuku na mkataba ulioanza kutumika 2008. Rangi nyingi za sasa zina shaba, ambayo madhara yake ni madogo zaidi, lakini bado ni sumu. Kukwangua sehemu ya chini ya meli ndani ya ghuba, bila chombo cha kukusanya makombo, kusiruhusiwe.

Je, meli zinawasumbua nyangumi?

Nyangumi wa nundu hutoka bahari ya kusini na kupita pwani yetu kuzaa, kati ya Julai na Novemba, na Msimbati ni mahali pazuri pa kuwaona. Kelele za rafadha huwazuia kusikilizana, na meli inayokwenda kasi huwagonga bila hata nahodha kujua. Meli ikishuka hadi noti 10 (karibu kilomita 18.5 kwa saa), hatari ya kumuua nyangumi hupungua sana. Karibu na Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, mwendo mdogo katika miezi hiyo usingemgharimu mtu kitu kikubwa. Mafuta yanaokolewa pia, kama ilivyoelezwa kwenye swali la mwendo.

## Ajali na maswali magumu

Mafuta yakimwagika, mvuvi afanye nini? Na fidia ipo?

Kwanza, usiyaguse kwa mikono wala usimwagie sabuni. Sabuni huyatawanya ndani ya maji na kuyafanya yadhuru zaidi. Toa taarifa TASAC, bandari na ofisa uvuvi, na eleza mahali, saa, rangi ya mafuta na upepo unakovumia. Mikoko ndiyo ya kulindwa mwanzo, kwa sababu mafuta yakishaingia kwenye mizizi yake hukaa miaka.

Fidia ipo, ila inategemea meli. Mafuta ghafi au mazito ya shehena yakimwagika kutoka kwenye meli ya mafuta, kuna bima ya mwenye meli na juu yake Mfuko wa kimataifa wa fidia ya mafuta wa 1992, ambao Tanzania ni mwanachama. Yakitoka kwenye meli ya kawaida, mfano ya makaa au makontena, Mfuko huo haulipi, na fidia huishia kwenye bima ya meli. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Mauritius: Julai 2020 meli ya kichele Wakashio ilipanda mwamba na kumwaga takriban tani 1,000 za mafuta yake yenyewe.

Kinachowaangusha wavuvi wengi duniani ni ushahidi. Anayedai anatakiwa kuonyesha alikuwa akipata nini kabla ya ajali. Kikundi cha BMU, yaani cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi ufukweni, kinachoandika samaki wa kila siku kwenye daftari, kilo na bei, kina silaha mkononi. Madai kwa Mfuko yana ukomo wa miaka mitatu tangu hasara kutokea, kwa hiyo msisubiri ahadi za mdomo.

Sheria hizi zinahusu majahazi na boti zetu ndogo?

Marufuku ya kutupa plastiki inahusu kila chombo, hata mtumbwi. Mitambo ya kuchuja ngama inadaiwa kwenye vyombo vya tani 400 na kuendelea, lakini hilo halimpi mwenye boti ruhusa ya kumwaga oili chafu. Oili ya injini iliyotumika iwekwe kwenye dumu na ipelekwe kwa wanaoikusanya. Pale ufukweni panapofanyiwa matengenezo ya injini, pipa moja la pamoja hutosha. Jahazi linalotumia tanga, kwa upande wake, linabeba mzigo bila tone la mafuta, na linastahili heshima kubwa kuliko linayopewa.

Meli yenye bendera ya Panama au Liberia, sisi tutaifanya nini?

Ikiingia bandarini, iko chini ya ukaguzi wetu. Nchi za Bahari ya Hindi zina makubaliano ya pamoja ya kukagua meli za kigeni, na Tanzania imo. Meli yenye kasoro kubwa inaweza kuzuiwa isiondoke mpaka itengenezwe, na taarifa yake husambazwa kwa bandari nyingine. Kwa mwenye meli, siku moja ya kuzuiwa inauma kuliko faini.

Nchi maskini kama yetu inahusika vipi na lengo la 2050?

Mwaka 2023 nchi wanachama wa IMO zilikubaliana kuwa meli zifikie sifuri ya jumla ya gesi joto (kinachotolewa kisizidi kinachoondolewa) ifikapo 2050 au karibu na hapo. Aprili 2025 rasimu ya kanuni zenye tozo kwa mafuta machafu iliidhinishwa, lakini Oktoba mwaka huohuo kura ya kuipitisha iliahirishwa kwa mwaka mmoja.

Kwetu suala lina pande mbili. Gharama ya usafiri ikipanda, mkulima wa korosho ndiye anayeweza kubebeshwa kupitia bei ya mnada. Lakini joto la bahari linaloua matumbawe ya Msimbati halichagui nani alichafua. Kwa hiyo wawakilishi wetu wanapaswa kudai mambo mawili kwa pamoja: kanuni zenye meno, na fedha za tozo zirudi pia kwenye bandari za nchi kama yetu, si kwa wenye meli peke yao.

Bandari au gati jipya likipangwa, mwananchi anaingilia wapi?

Sheria ya 2004 inautaka mradi wa aina hiyo ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na wananchi wasikilizwe. Mkutano ukiitwa kijijini, nendeni na maswali yaliyoandikwa: mchanga utakaochimbwa kuongeza kina utatupwa wapi na msimu gani, mikoko mingapi itakatwa na itapandwa wapi, wavuvi watapita njia gani wakati wa ujenzi, vumbi litapimwa na nani, na matokeo yatabandikwa wapi. Hakikisheni maswali yenu yameingia kwenye muhtasari, na orodha ya mahudhurio ina majina yenu.

Cheti kikishatolewa huambatana na masharti. Ombeni nakala ya masharti hayo katika ofisi ya NEMC Kanda ya Kusini, iliyopo Mtwara, au kwa serikali ya kijiji, hata mwaka mmoja baada ya ujenzi kuisha. Mwenye masharti mkononi hahitaji kubishana kama vumbi ni jingi au kidogo. Anauliza tu kama turubai, bwawa na kipimo vilivyoandikwa vipo au havipo.